Unga wa Mbao Uliochekechwa

Tarehe 4 Februari

Mke wangu mdogo,

Kabla hujakaa vizuri kwenye kiti chako cha kisomi, pokea salamu za mumeo. Mimi mzima. Meno yamebaki manne, lakini ni yale ya maana, mawili juu mawili chini, na yanakutana. Bibi yako, yaani mke mwenzako, yupo. Mgongo unamsumbua asubuhi, mdomo haumsumbui saa yoyote. Namshukuru Mungu aliniziba masikio mapema. Boila ilivyokuwa inaninguruma kichwani miaka yote ile nililalamika sana, kumbe ilikuwa inanitengenezea ndoa. Ndiyo maana sitaki hizo simu zenu, mtu anaongea nami naona mdomo wa bibi yako tu ukirudia maneno, na yeye anarudia yale anayoyapenda. Andika. Karatasi haibishani.

Kuku wako mwekundu ameatamia mayai ya bata. Sasa ana watoto wanaomkimbilia majini, amekonda kwa mawazo.

Baba yako mzima wa mwili. Tangu Tajiri mwenye kiwanda azime misumeno, anaamka alfajiri ileile ya kazi, anavaa buti, anakaa kwenye ngazi za nyuma na kunoa visu vya jikoni. Vimenolewa mpaka vimekuwa vyembamba kama majani. Juzi bibi yako alikata kitunguu akakata na ubao.

Salamu zimeisha, tuingie jikoni.

Magunia yako matatu nimeyapakia kwenye lori la mizigo. Ulisema nichote unga wa mbao kwenye kile kilima chake nyuma ya kiwanda, nijaze, nishone, nitume. Nimechota, nimejaza, nimeshona, nimetuma. Ukifungua usije ukapiga kelele huko maabara, wakubwa zako wakadhani umeona nyoka. Mtu aliyechochea peke yake boila ya kiwanda kizima hafanyi kazi ya kubabaisha. Si nilikusimulia siku niliyopiga king'ora kwa mvuke mpaka kuku wa ng'ambo ya mto wakataga bila kukusudia? Bibi yako anasema ni uongo. Yeye atajuaje, alikuwa anaokota mayai.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako ameitwa kazini. Ni kiwanda kingine cha mbao, mbali, safari ya kulala njiani. Wanataka fundi wa msumeno mkubwa, nafasi ni moja, na wanataka jibu kabla mwezi wa tatu haujaisha. Akienda haendi kutembea. Kwa umri wake, mtu akiondoka anarudi kuzika au kuzikwa. Bibi yako amefua mashati yote ya baba yako, hata yaliyokuwa safi.

Wewe ulisema mtambo wenu ukiukubali unga wetu, watakuja kujenga kiwanda cha mafuta hapahapa, na Tajiri atawasha misumeno tena kwa sababu hata takataka yake itakuwa na mnunuzi. Basi niambie: baba yako tumshike shati au tumwachie?

Halafu hiyo dawa yenu inayogeuza mbao kuwa mafuta ya gari, hebu nieleze vizuri. Watu hapa nimeshawaambia kwamba naielewa.

Ni mimi mumeo,
Simba wa Boila

---

Tarehe 27 Februari

Mume wangu kibogoyo, shikamoo.

Hayo meno manne yatunze, ndiyo mahari yangu. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga ni kidogo hivi kwamba nikitaka kufungua mlango lazima kwanza nikae kitandani. Nakula vizuri, mwambie bibi. Mwambie na sweta lake nalivaa ndani ya koti la maabara, hakuna anayeliona ila mimi najua lipo. Baba msalimie sana, na mwambie visu aviache, navyo vina watoto nyumbani.

Magunia yamefika. Babu, nilipiga kelele kweli.

Umeuliza dawa. Sisi unga wa mbao tunaupasha moto mkali, ghafla, mahali pasipo na hewa. Hauwaki, unageuka mvuke. Mvuke huo ukipoa hivihivi unakuwa mafuta meusi, makali kama siki, yanakula injini. Kwa hiyo kabla haujapoa tunaupitisha kwenye punje ndogo nyeupe. Hizo punje ndizo kichocheo. Chukulia ni mshenga. Anaingia kati ya nyumba mbili, anasema na huyu, anasema na yule, wanaoana, yeye anatoka kama alivyoingia na kwenda kuozesha wengine. Mshenga akiwa hai unapata mafuta mepesi ya kuendeshea gari, na mengine ya kutengenezea rangi na plastiki. Akifa, unabaki na lami.

Kwa unga wako hakufa. Wiki nzima tulimchapa kazi. Akishikwa na masizi tunamchoma, masizi yanatoka, anarudi mweupe, anaendelea. Mkuu wa mradi ni mtu asiyecheka. Alitia kidole kwenye gunia, akanusa, akatabasamu kwa upande mmoja. Wamekubali. Malori yatakuja kuchota kilimani ili tujaribu kwenye mtambo mkubwa.

Nikuulize kitu kimoja. Ulichota kama nilivyosema? Juu, katikati na chini, bila kuchagua?

Kuhusu baba, siwezi kumwamulia. Mambo yanaonekana mazuri, ila kuonekana ni kuonekana. Mpe hivyo kama ilivyo. Usitie chumvi, nakujua.

Mkeo mdogo

---

Tarehe 19 Machi

Marahaba mke wangu, marahaba na nusu.

Hapa wote wazima. Bata wa kuku wako wamebaki wanne, mmoja alichukuliwa na mwewe. Bibi yako ameota unarudi na gari. Nikamuuliza gari la rangi gani, akasema alikuwa amelala asingeweza kuona.

Barua yako imesomwa mpaka karatasi imelegea. Nimeisoma nyumbani, nimeisoma kwa fundi viatu, nimeisoma kwa kinyozi na wateja wake wote wawili, mmoja kanyolewa nusu, hakuthubutu kuondoka. Ile habari ya mshenga imenoga. Bibi yako peke yake ndiye aliyepinga. Akasema, "Mshenga wetu sisi alikula kuku wawili akaondoka na mwavuli wa baba yangu. Huyo wa kwenu asiyekula kitu katokea wapi?" Nikamwambia huyo ni mshenga wa kisayansi, anashiba kwa macho.

Pale ulipoandika kuonekana ni kuonekana sikupasoma kwa sauti. Macho yangu yalikuwa yamechoka pale.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Baba, ameandika waziwazi kwamba watajenga?"

Nikamwambia, "Mwanao ameandika malori yanakuja. Lori linakuja kunusa?"

"Lori si kiwanda."

"Wewe tangu utotoni," nikamwambia, "uji uliungoja upoe mpaka wenzio wakamaliza sufuria."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, kidogo, kama mtu anayelipa deni la mwenzake. Kesho yake akawaandikia wale wa mbali kwamba haendi. Bibi yako aliposikia alirudi jikoni akaimba. Mimi sikuusikia wimbo, niliona mabega.

Na Tajiri naye nimemkamata. Alikuwa anataka kuwauzia kilima wachoma matofali. Nikaenda mpaka ofisini kwake, nikamwonyesha barua, nikamwambia, "Bosi, unataka kuuza ng'ombe kwa bei ya mkia?" Akawaambia wangoje.

Malori yenu yalifika Jumanne. Walikuja na tingatinga, linachota kama lina njaa. Nilisimama pale nikiwaelekeza, ingawa hawakuniuliza.

Eti nilichota bila kuchagua? Mke wangu, unamuuliza mwanamume wa boila kama anajua kushika sepetu? Tuongee mengine. Siku ya uzinduzi nitavaa nini?

Simba mwenyewe

---

Tarehe 22 Mei

Babu, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Sijaugua. Nilikuwa kazini mpaka nikasahau ni mwezi gani. Bibi hajambo? Mwambie sweta limetoboka kiwiko, nimelishona mwenyewe, asije akaliona. Baba je? Anapata hata vibarua?

Kazi si mbaya. Yaani mtambo wenyewe haujambo, umewaka vizuri. Tatizo ni mshenga. Kwa unga wa malori anakufa. Tunaweka punje mpya, siku ya kwanza mafuta mazuri, siku ya pili yanaanza kuwa meusi, halafu lami. Tunamchoma kama tulivyomchoma zamani, masizi yanatoka lakini hafufuki. Tumebadilisha moto, tumebadilisha punje, tumefungua mabomba tukayafunga. Mkuu wa mradi ameacha kuingia mtamboni, anaangalia kupitia kioo.

Kilima ni kilekile. Unga ni uleule. Wa kwako mshenga aliishi nao wiki nzima akitaka zaidi. Nauliza tena, na safari hii naomba unijibu bila mzaha: yale magunia matatu uliyajaza vipi?

Mjukuu wako

---

Tarehe 5 Juni

Mke wangu,

Salamu nyingi, sisi wazima, bibi yako mgongo, baba yako ngazi za nyuma. Sasa nimecheka mpaka nimekohoa. Yaani wasomi wote hao mnazunguka mtambo na jibu liko kwa mzee mwenye meno manne!

Mshenga anakufa? Hata mimi ningekufa! Vijana wa tingatinga walichota kila kitu mle. Magome, udongo, misumari, kiatu kimoja cha mlinzi aliyestaafu. Na majivu. Majivu yote niliyoyatoa tumboni mwa boila tangu nikiwa na nywele yamo kilimani mle, tulikuwa tunayamwaga juu ya unga ili usifuke moshi. Uchafu huo ndio mnaomlisha mshenga wa watu? Wangeniuliza, nilikuwa nimesimama palepale.

Wako wewe niliufanyia kazi. Kwanza nilichagua lile rundo la juu, la mti mweupe, mbao za mwisho kukatwa na baba yako kabla misumeno haijazimwa. Halafu bibi yako akatoa chekecheke yake ya unga wa mikate, ile asiyoruhusu mtu kuigusa. Tukachekecha. Tukapepeta kwa ungo. Magome tukayaokota moja moja kama mtu anayechagua mchele wa wageni. Tukauanika juu ya shuka, yeye akigeuza, mimi nikifukuza kuku. Siku zile tulicheka kama vijana.

Ulitaka nikutumie uchafu? Mjukuu wangu, mtoto wa fundi, mbele ya wakubwa, afungue gunia litoke kiatu cha mlinzi? Wangesema huyu katoka kwa watu gani. Wewe waambie tu wachekeche. Ni kazi ya ungo na subira. Wakishindwa wanilete.

Nimempa baba yako barua yako akaisoma mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia, akaenda kunoa.

Simba wa Boila, sasa na Profesa wa Chekecheke

---

Tarehe 11 Julai

Mke wangu mdogo,

Naandika tena ingawa zamu ilikuwa yako. Labda barua yako imepotea, hawa watu wa posta siku hizi wanasambaza kwa upepo. Mimi mzima. Bibi yako mzima. Sufuria kubwa tumelipumzisha, tunapikia lile dogo, yeye anasema linapika haraka zaidi.

Baba yako mzima sana, anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe ila ana mambo mengi siku hizi. Mambo mengi kabisa.

Mtaani wananitania. Wameacha kuniita Simba, wananiita Mzee Petroli. Nikipita kwa kinyozi ananyoosha mkono kama mtu wa kituo cha mafuta, "Nikujazie?" Nikamwambia, "Jaza kwanza viti vyako." Wengine wameshafunga virago, fundi viatu amehama na meza yake. Anasema miguu imepungua.

Tajiri ameuliza mara mbili mnakuja lini. Mara ya tatu hakuuliza.

Bibi yako amesema nikuandikie kwamba visu vya jikoni ni butu. Sijui kwa nini anataka ujue habari za visu. Wanawake.

Andika hata mstari mmoja.

Mumeo

---

Tarehe 3 Agosti

Babu, shikamoo. Na bibi shikamoo.

Barua zako zote zimefika, hazikupotea. Nimekuwa na kazi. Kazi inaendelea. Tunasubiri sehemu fulani ya mtambo, ikija tutaona.

Magunia yako yalikuwa mazuri kuliko unga wowote tuliowahi kupokea pale. Nataka ulijue hilo. Ila ile habari ya kuchekecha usimsimulie mtu yeyote. Si kitu, ni mambo ya ofisi tu. Usimsimulie.

Afya yangu nzuri. Nimehamia chumba kingine, hiki mlango unafunguka.

Babu, kwa nini visu ni butu?

Mwambie baba aniandikie mwenyewe. Hata jina lake tu.

Mjukuu wako

---

Tarehe 20 Agosti

Mjukuu,

Visu ni butu kwa sababu vitunguu vya mwaka huu ni vigumu.

Na wewe nikuulize. Sehemu fulani ya mtambo, hiyo haina jina? Boila yangu kila nati ilikuwa na jina, nyingine nilizipa majina ya mashemeji. Mtu akiniambia sehemu fulani, najua hakuna kinachosubiriwa.

Sisi wazima.

Babu yako

---

Tarehe 18 Septemba

Babu, shikamoo.

Salamu zangu leo ni fupi. Mimi mzima, na baba nimemwona. Najua aliondoka. Najua aliondoka tangu mwezi wa sita. Sikulaumu. Na mimi nilikudanganya, mtambo ulifungwa mwezi huohuo wa sita. Nilibakizwa kuandika ripoti ya mwisho na kuhesabu chupa.

Wiki iliyopita mlinzi aliniita getini. Nikamkuta baba, buti zake, shati limepigwa pasi, begi moja. Amekonda. Akasema, "Mzee alisema kwako fundi hatakosa kazi."

Alianza kwa wale waliomwita kwanza. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Akakaa kwao akipakua magogo, mpaka wakamwambia hata hayo basi. Akasema amesita sana kuja kwangu, hakutaka wenzangu waseme nimeleta baba.

Nyuma yangu cheche zilikuwa zinaruka. Akanyoosha shingo akaangalia. "Ndio wanaujenga mtambo?"

Nikamwambia, "Baba, wanaukata."

Watu wa vyuma chakavu walikuwa wameingia siku mbili kabla. Baba akawaangalia, akasema, "Yule bwana wa kofia anashika mashine vibaya. Atajiumiza." Akaenda akamwonyesha. Wakamwona anajua, wakampa miwani na glavu. Babu, baba yangu ndiye aliyeukata mtambo wangu. Lile bomba refu la mvuke amelikata vipande sawasawa, hakuna kilichomzidi mwenzake. Mchana tulikalia kipande kimoja tukanywa chai. Akaniuliza, "Mshenga alikuwa anakaa wapi?" Nikampeleka. Punje zilikuwa zimegandamana, rangi ya kijivu. Akabandua moja, akaipangusa kwa shati, akaitia mfukoni. Nikamwambia, "Ya nini, imekufa." Akasema, "Nimeitunzia mama yako mkwe akaione," halafu akakumbuka mimi sina mkwe, tukacheka. Alicheka vizuri kabisa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nikiwa shule.

Kazi ilipokwisha lori la vyuma liliondoka naye. Wanakwenda kukata mtambo mwingine, hawakumwambia wapi. Chumba changu nilimpa akakataa. Alisema ataandika.

Nikueleze na lile jingine ili usilisikie kwa watu. Masizi yanachomeka. Lakini majivu na udongo vina chumvi, na chumvi hiyo inazama ndani ya punje, haitoki tena. Kukiosha na kukikausha kilima chote kunakula moto mwingi kuliko mafuta yatakayotoka. Nimepiga hesabu hiyo kila namna. Nilipaswa kuja kuchota mwenyewe, si kukuagiza wewe. Hilo ni langu, na nimeliandika hivyo kwenye ripoti. Hata tungejua mapema, wasingejenga.

Ni hivyo tu, babu. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Sijui nitakwenda wapi, nikijua nitakuandikia.

Mjukuu wako

---

Tarehe 9 Oktoba

Mke wangu mdogo,

Salamu. Bibi yako anapumua. Mimi napumua. Kuku wako amekufa, bata hawakuhudhuria.

Umeandika kwamba hata mngejua mapema wasingejenga. Ukaweka nukta. Mimi shule sikufika mbali, lakini najua nukta inayofunga mlango na nukta inayoegemea mlango. Mngejua mapema wasingejenga, malori yasingekuja, nisingesoma barua kwa kinyozi, na baba yako angekuwa leo amesimama mbele ya msumeno mkubwa na mshahara na kitanda. Hukuliandika. Ahsante. Nimelisoma hivyohivyo.

Bibi yako nimemsomea barua yote, sikuruka hata mstari. Pale baba yako alipocheka akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Halafu akaichukua ile chekecheke yake akaitundika ukutani upande wa nje, kwenye mvua, ambapo hajawahi kuiweka.

Mimi nimeitungua.

Usicheke, au cheka, vyote sawa. Tajiri amewauzia kilima wachoma matofali. Wanakuja na tingatinga kutoka upande wa barabara. Mimi nimeanza upande huu wa nyumbani. Wao wanachota, mimi nachekecha. Najua kila toroli la majivu lilipomwagwa, nililisukuma mwenyewe, kwa hiyo nazunguka penye majivu nachimba penye usafi. Bado upo mweupe mle ndani, mke wangu, ukichimba. Una harufu ya siku ulipokatwa. Mwenye tingatinga akaniuliza, "Mzee, huo unga wa nini?" Nikamwambia, "Wa mafuta." Akamwangalia mwenzake. Zamani ningemtolea hadithi mpaka injini yake izime. Safari hii nikaendelea kuchekecha.

Usiniandikie kwamba mtambo umekatwa. Najua, mwanangu ndiye aliyeukata, na vipande vilikuwa sawasawa. Usinipigie hesabu. Hesabu yako ni sahihi. Mimi mikono inataka kazi tu, na kitu pekee katika habari hii yote kilichofanya kazi ni yale magunia matatu.

Magunia nayaweka chumbani kwa baba yako. Nilianza na pembe ya nyuma, nikasema nitaacha njia ya kitandani. Kitanda sasa hakionekani. Jana yamefika kwenye dirisha, mwanga unaingia kwa juu kidogo. Bibi yako amesimama mlangoni akaniuliza, kwa mkono, maana anajua simsikii: na akirudi atalala wapi?

Nimebeba gunia la mwisho la jana nikaliweka sebuleni.

Ukipata habari zake niandikie. Na ukikosa, niandikie hivyohivyo kwamba amekusalimu, anakula vizuri, ana mambo mengi. Nitamsomea bibi yako kwa sauti, macho yangu hayatachoka.

Babu yako